Mwinyi Alipokwenda Kula kwa Wapinzani Wake

Mmeniuliza kila mtu kwa wakati wake, na kila mtu nimemjibu nusu. Huyu nimemwambia tulichelewa njiani, yule nimemwambia mvua ilitukuta Changamwe, mwengine nimemwambia mzee hajambo, kisha nikageuza mazungumzo. Sasa nimekaa niandike yote mara moja, ili tukikutana tena kusomeana kazi zetu, asiwepo anayenitazama usoni akisubiri kipande kilichobaki.

Mkitazama ramani mtacheka. Kutoka Likoni hadi Jomvu Kuu, na kutoka Jomvu Kuu hadi Kisauni, hata mji wenyewe hukuuacha. Umekizunguka kisiwa chake tu kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba. Lakini sijawahi kwenda mbali zaidi ya pale, na sidhani kama nimerudi na nafsi yangu yote.

Kwa wasiotujua: Ami yangu, Mwinyi Athmani, ndugu mdogo wa marehemu baba yangu, ndiye mfalme wa Mvuleni. Hana askari wala kasri. Ana nyumba ya mawe Likoni, mabati yake yanavuja upande wa jikoni, na ana kiti cha mpingo ambacho hukalia yeye peke yake. Mvuleni yenyewe si mji tena, ni watu. Wametawanyika katika nyumba tatu: sisi wa Likoni, wavuvi wa Jomvu Kuu, na wakulima wa Kisauni ambao wengi wao ni Wakristo. Zamani watu wa Kisauni walimpa ardhi mgeni mmoja Mwislamu, akaoa kwao, na tangu hapo nyumba zote tatu zikawa na Mwinyi mmoja. Akisema mpaka wa shamba uko hapa, uko hapa. Akisema fulani azikwe pale, anazikwa pale. Hakuna aliyewahi kupeleka ugomvi wa Mvuleni kwa serikali.

Kwenye Idd iliyopita mambo yakapasuka. Bakari, binamu yangu wa Jomvu, mtoto wa kaka mkubwa wa Ami, alisimama baada ya sala akasema kwamba Mwinyi anayefukiza ubani makaburini hafai kuongoza Waislamu, na kwamba kiti kilikuwa cha baba yake tangu mwanzo. Haikupita wiki, Kahindi wa Kisauni, ambaye ni mchungaji wa kanisa dogo, akawaambia watu wake kwamba kiti kimekalia ardhi yao vizazi vyote bila wao kukikalia, na sasa zamu imefika.

Shangazi zangu wakakumbusha desturi. Kiti kikigombaniwa, Mwinyi hutoka mwenyewe akaenda kula kwa wanaokigombania. Akila nao sinia moja katika kila nyumba, anakaa. Nyumba moja ikimshinda, anashuka. Ami ana uzito wa macho siku hizi, na hana mtoto. Akaniita.

"Abee, Ami."

"Utanishika mkono, mwanangu. Mato yangu hayaoni, na sitaki kujikwaa mbele yao."

Likoni hadi ng'ambo

Tulitoka asubuhi tukiwa watatu: Ami, mimi, na Kombo. Kombo kazi yake ni tuk-tuk, lakini kwa urithi yeye ndiye mpuliza siwa. Siwa yetu ni ya shaba, ndefu, imepinda mdomoni, na sauti yake mtu hawezi kuisahau: nzito, ya chini, kama ng'ombe anayelia ndani ya kisima. Hupulizwa Mwinyi anapokaribia nyumba aliyoalikwa. Wenyeji wakiisikia, ndipo humtoa mbuzi. Na kwa Kisauni ipo desturi ya ziada, ambayo nawaomba muishike kwa sababu ndiyo iliyotumaliza: watu wa Kisauni humshika mbuzi miguu, mtu wa Likoni hushika kisu na kusoma bismillahi, na wote hula. Wazee wetu waliona hivyo ndivyo watu wa dini mbili wanavyoweza kula nyama moja. Hakuna aliyeandika, hakuna aliyehitaji kuandika.

Siwa ilifungwa kitambaa cheupe, nikaipakata. Hapo kwenye kivuko ndipo nilipoanza kuvunjika moyo, ingawa nilicheka. Umati ulikuwa umejaa hadi barabarani, jua linachoma, mhubiri mmoja anapaza sauti na muuza maji naye anapaza yake. Ghafla watu wakaanza kutupisha. Mama mmoja mwenye buibui akanigusa bega.

"Pole, mwanangu. Mungu akupe subira. Alikuwa wa miezi mingapi?"

Sikumwelewa. Nikatazama mapajani mwangu, nikaona alichokiona yeye: kitambaa cheupe, urefu wa mtoto, na mzee aliyevaa joho ameketi kando akiwa ameinamisha kichwa. Nikafungua mdomo nieleze, Ami akanifinya mkono.

"Ahsante, mama," akamjibu yeye. "Utuombee."

Tukavushwa mbele ya watu wote kama wafiwa. Kombo alipoingiza tuk-tuk ndani ya kivuko alikuwa akicheka hadi machozi. "Mwinyi, sisi tushazikwa na hata hatujafika!"

"Kumweleza kungechukua muda," Ami akasema. "Na pole yake ilikuwa ya kweli. Kwa nini nimnyang'anye?"

Changamwe

Waya wa klachi ulikatika Changamwe, kati ya malori mawili ya makontena, na nyuma yetu honi zikalia kama harusi ya wendawazimu. Watu wakashuka wakatusukuma hadi pembeni, kwenye gereji ya wazi chini ya turubai. Mvua ikaanza hapo hapo.

Jirani na gereji kulikuwa na kibanda cha chakula. Mwenye kibanda, mama mmoja wa bara, mnene, sauti kama ya filimbi, alikuwa katikati ya vita na fundi. Oili ya gereji ilikuwa imeteremka na maji ya mvua hadi chini ya jiko lake.

"Wateja wangu wanateleza! Jana mtu ameanguka na sahani!"

"Na wewe, maji yako ya kuosha vyombo si yanaingia kwa vifaa vyangu? Hiyo huioni?" akasema fundi. "Maze, huyu mama ananisumbua kila siku."

Tuliagiza chapati na maharagwe, kwa kuwa hakuna atakayetengeneza tuk-tuk huku akigombana. Ami akala polepole, akisikiliza. Mwishowe akasema, "Samahani. Mimi mpita njia tu. Mama, hebu niambie, huyu fundi analalamika nini?"

"Si umemsikia!"

"Nimemsikia yeye. Nataka nimsikie kwako. Sema maneno yake kama vile ni yako. Kisha na yeye atasema yako."

Hivi ndivyo Ami alivyoamua mambo maisha yake yote. Hamuulizi mtu ana haki gani. Humwambia aeleze ya mwenzake, kwa ukamilifu, hadi mwenzake akubali kwamba ndivyo. Nimewaona watu wakilia wakifanya hivyo. Mama wa chapati akaanza kwa kebehi, akiiga sauti ya fundi, "Oh, maji ya huyu mama yanatia kutu spana zangu," kisha kebehi ikamwishia katikati. "Na boss wake humkata mshahara spana ikiharibika," akaongeza, taratibu. Fundi akamtazama kama hajawahi kumwona. Ilipofika zamu yake, alimweleza mama yule vizuri kuliko mama alivyojieleza mwenyewe. Wakaishia kuchimba mfereji pamoja kwa jembe la kuazima, mvuani, wakitukanana kwa mapenzi.

"Buda, wewe ni nani?" fundi akauliza.

"Huyu ni mfalme," akasema Kombo.

"Wa wapi? Si Kenya iko na rais?"

"Wa Mvuleni."

"Hiyo ni stage gani ya matatu?"

Kombo akanitazama. Nami nikamtazama Ami. Ami akatabasamu, akasema, "Ni karibu na kwenu." Nilimtazama pale, ndevu zake zina makombo ya chapati, nikawa na hakika kwamba atashinda. Nawaambia ili mjue: kulikuwa na saa ambayo niliamini.

Jomvu Kuu

Tulifika Jomvu Kuu tumelowa. Kabla ya njia ya kuingia kijijini, pale miti inapoanza na harufu ya matope ya mkono wa bahari inapokupiga, Kombo alizima injini akaanza kufungua kitambaa. Vijana wawili waliokuwa wakitungoja wakamzuia kwa adabu.

"Ustadhi Bakari amesema msipulize kwanza. Aongee na Mwinyi."

Bakari alitupokea uani. Msidhani ni mtu mbaya. Tulikua pamoja, yeye ndiye aliyenifundisha kuogelea, akinishika kidevu nisizame. Alisoma nje, akarudi na utulivu fulani, na vijana wa Jomvu waliokuwa wakizama katika dawa za kulevya sasa wanasimama safu moja nyuma yake. Alimbusu Ami mkono. Machozi yalikuwa karibu.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kula kwako."

"Na chakula kiko tayari. Lakini siwa ikilia hapa, mimi sitakaa kwenye sinia. Wallahi si kiburi. Watu wetu wanaingoja siwa kuliko wanavyoingoja adhana. Wanaipaka mafuta, wanaifukizia ubani, wanaiomba mvua. Nitajibu nini mimi siku nikiulizwa?"

Kombo alikuwa amesimama nyuma yetu akiikumbatia. "Babu yangu aliipuliza hapa hapa, Ustadhi. Babu yako akiingia kijijini."

"Mungu awarehemu wote wawili," akasema Bakari. "Hawakujua."

Ami akajaribu njia yake. Akamwomba Bakari amweleze Kombo: aseme, kwa mdomo wake, siwa ni kitu gani kwa mtu kama Kombo. Nilikuwa nimekaa kizingitini, nimeshika pindo la joho la Ami, na niliona jinsi Bakari alivyofikiri kweli kweli kabla ya kujibu.

"Siwezi, Ami. Maneno ya batili siyatamki hata kwa mfano."

Ndiyo mara ya kwanza kumwona Ami akikosa la kufanya. Vidole vyake vikatafuta kitu kwenye mkeka. Ndani, wanawake walikuwa wakipakua. Harufu ya pilau ilitufikia na njaa ikawa aibu.

"Basi haitalia," akasema.

"Hapa tu?" akauliza Bakari.

"Unataka wapi kwengine?"

"Safari nzima, Ami. Ukienda Kisauni ukaipuliza, watu watasema Jomvu tumefanyiwa mchezo. Na nitamtuma shemeji yangu Swaleh aende nanyi. Si kwa kukupeleleza. Ili awe shahidi kwamba umekula halali na umekwenda kwa njia safi, na nyumba yangu itulie."

Ami alikubali. Nilimsikia Kombo akivuta pumzi kama mtu aliyechomwa mwiba. Kisha wakala. Bakari mwenyewe alichambua samaki, akamwekea Ami minofu mbele yake bila hata mwiba mmoja. Walikula hadi sinia ikaonekana chini. Nyumba moja ilikuwa imekaa, na bei yake ilikuwa imelazwa kwenye mkeka, ndani ya kitambaa cheupe.

Barabara ya Kisauni

Tulilala Jomvu, tukaondoka na Swaleh. Kahindi alikuwa ametualika kwa chakula cha mchana.

Swaleh ni muuza samaki, mtu wa mzaha, mpenda kula. Alipakia ubuyu, achari ya maembe na mabumunda, akatulisha kama watoto. Alimsimulia Ami hadithi ya mteja aliyemrudishia papa akidai ni mdogo kuliko jina lake. Ami alicheka. Kombo hakucheka. Tangu Jomvu hakuwa amesema neno, akiendesha kama anayeendesha mtu mwengine kabisa.

Sikuleteeni maelezo ya foleni, mnaijua. Malori yalikuwa yamesimama kutoka Changamwe hadi daraja la kuingia kisiwani, na mvua ya jana ilikuwa imeifanya barabara kuwa madimbwi. Adhuhuri ilitukuta bado kisiwani. Tukateremka, Ami na Swaleh wakasali katika msikiti wa njiani. Nilijaribu kumpigia simu Kahindi. Simu yake haikupatikana. Baadaye nilijua alikuwa ameizima kwa heshima, kwa kuwa alikuwa akiomba.

Alasiri ilikuwa imekwisha tulipovuka daraja na kushika njia ya Kisauni. Pale Bombolulu mafundi wa ngozi na shanga walikuwa wanafunga karakana. Mmoja wao, mwanamke mwenye kiti cha magurudumu, alituonyesha njia ya mkato kwa mchungaji.

"Mnakwenda kwenye sherehe ya mfalme? Wamepika tangu asubuhi. Harufu imetutesa hapa!"

Nilimsikia, na sikuelewa alichotuambia. Ami pia hakuelewa. Wamepika tangu asubuhi. Yalikuwa ni maneno ya ukarimu tu.

Njia ya mkato inaingia kati ya nyumba za kupanga, kisha inafunguka kwenye mashamba ya mihogo. Hapo, kwenye kona, ndipo mahali pa siwa. Kombo alizima injini. Aligeuka akamtazama Ami, na Ami, ingawa hamwoni vizuri, akajua.

"Mwinyi. Hapa ndipo."

Swaleh akageuza uso akatazama mihogo.

"Twende, Kombo," akasema Ami.

Nyuma ya Bombolulu

Uwanja wa Kahindi ulikuwa umefagiwa hadi mistari ya ufagio inaonekana. Wanawake walikuwa wamevaa leso za sare. Waimbaji wa kanisa walikuwa wamepanga viti. Kahindi alikuja mbio, suti yake imembana kwapani, uso wake umejaa furaha ya kweli.

"Bwana asifiwe! Mwinyi! Tulidhani mmeghairi!"

"Tumechelewa, mwanangu. Barabara. Utusamehe."

"Tumekaa tunasikiliza siwa. Kimya. Jua likapanda, kimya. Nikasema, labda wamefika kimyakimya, labda wako karibu, mzee atafika na njaa na nyama haijaiva. Mtu wa umri ule! Ikabidi nisingoje." Akaweka mkono kifuani. "Nimemchinja mimi mwenyewe, Mwinyi. Kwa mkono wangu. Nikaomba kwa jina la Yesu abariki chakula chako na kiti chako."

Naandika maneno haya na bado nasikia jinsi uwanja ulivyonyamaza. Si uwanja mzima. Waimbaji hawakujua lolote, waliendelea kunong'onezana. Lakini wazee wa Kisauni, waliokuwa wamekaa mbele, walijua. Niliwaona wakiinamisha vichwa mmoja mmoja. Walikuwa wamemwacha afanye. Labda walidhani siku hizi haidhuru. Labda walichoka kushika miguu.

Sinia ilikwisha kutengwa mkekani. Wali mweupe kama mlima, nyama juu yake, mchuzi umeteremka pande zote.

Kombo ndiye aliyesema kwanza. "Si achinjwe mwengine? Mbuzi mdogo tu. Nitashika kisu mimi, kama desturi."

Hapo mama yake Kahindi akasimama. Mama mzee, mwembamba, mikono yake bado ina unga. Hakupaza sauti.

"Kwa hiyo huyu ni mzoga?"

"Hapana, mama, siyo hivyo..."

"Mimi nimemlea huyu mbuzi. Mama yake alikufa, nikamnywesha maziwa kwa chupa. Nimemtoa kwa Mwinyi. Sasa mwaniambia ni mzoga?"

"Kwa Bakari umekula," Kahindi akasema, na furaha ilikuwa inamwondoka usoni kama maji yanavyoondoka kwenye mchanga. "Umekula, na siwa umeinyamazisha kwa ajili yake. Ndiyo maana hatukuisikia. Sivyo? Yeye alikuomba ukaacha kitu cha wazee wetu sote. Mimi naomba ule tu."

Alikuwa na haki. Ami akaniambia nimkalishe kwenye mkeka. Swaleh alikuwa ametoa simu na kuielekeza kwenye sinia, akirekodi; hiyo ndiyo kazi aliyotumwa. Lakini alijikunja akanong'ona, nami nikamsikia.

"Mwinyi, usile. Nakuomba kama mwanao. Nikirudi nimekuonyesha unakula, Jomvu imekwenda."

"Na nisipokula?"

Swaleh akarudi nyuma hatua moja. Simu hakuishusha.

Ami akanawa. Akaniinamia sikioni. "N'onyeshe wali uliokauka. Usiofikiwa na mchuzi."

Nikamshika kidole nikakipeleka ukingoni mwa sinia, upande wake, ambapo kulikuwa na punje chache nyeupe. Akasema bismillahi kwa sauti wote wasikie. Akafinyanga tonge dogo, akalitia mdomoni, akatafuna. Kahindi alikuwa amekaa mbele yake, naye akala, macho hayatoki kwenye uso wa Ami. Nikadhani: amepata njia. Amekula nao sinia moja, na nyama hakuigusa.

Mama yake Kahindi akapiga magoti. Kwa mkono wake akachagua kipande kizuri, cha mbavu, akakisogeza kwenye sinia hadi mbele ya Ami. Ndivyo mwenyeji anavyomfanyia mgeni wake kila mahali pwani hii, nyumba ya Mwislamu au ya Mkristo.

"Kula, baba," akamwambia. "Usiogope. Ni mbuzi tu."

Ami aliona, au alinusa, sijui. Mkono wake ulisimama hewani. Kisha, kwa upole mkubwa, kwa mgongo wa vidole, akakisukuma kile kipande hadi upande wa Kahindi.

Mama akakaa vile vile kwa muda, ameangalia njia ndogo ambayo nyama ilichora katika wali. Akainuka, akaingia ndani. Hatukumwona tena.

"Sawa," akasema Kahindi. Alisimama, akajifuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kwa kidole. "Sawa, Mwinyi. Tumeelewana." Akawaomba waimbaji waimbe, na wakaimba, vizuri sana, wimbo wa shukrani, kwa sababu ndio waliokuwa wameufanyia mazoezi.

Kurudi

Swaleh alishuka kisiwani kushika njia ya kwao. Alimshika Ami mikono yote miwili. "Nitawaambia ulikula wali tu. Nitaapa, Mwinyi. Nitaapa kwa watoto wangu."

Aliapa, nimesikia. Haikusaidia. Ile video ya Swaleh ilikwisha kupita simu hadi simu, ikafika Likoni kabla yetu. Shangazi zangu walikuwa wameitazama, wamekaa barazani, leso midomoni. Jomvu walitazama mkono wa Mwinyi ukiingia katika sinia yenye nyama ya mchungaji, wakasema amekula haramu, mchuzi hauna mpaka. Kisauni walitazama mkono ule ule ukisukuma kipande cha mama yao, wakasema amekataa. Ni video moja. Nimeitazama mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri, nikitafuta mahali ambapo Ami angeweza kufanya vingine, na kila nikitazama naona kidole changu kikikiongoza chake.

Ijumaa iliyofuata Bakari alitangazwa Mwinyi baada ya sala, Jomvu Kuu. Jumapili Kahindi alitangazwa Kisauni, kwa maombi na kwaya. Tangu hapo vijana wa pande mbili wamepigana mara moja juu ya kaburi: marehemu ana ndugu huku na huku, na kila upande una Mwinyi wa kusema azikwe wapi. Alikaa bila kuzikwa hadi jamaa wenyewe wakaona haya wakamzika. Kombo sasa anaendesha tuk-tuk tu. Siwa ameirudisha ndani ya nyumba ya Ami, ameilaza chini ya kitanda, na nikimuuliza anasema anaumwa kifua.

Ami hakugombana na mtu. Watu wa Likoni walimwambia asishuke, wao wako naye. Akawashukuru. Lakini kiti hakukikalia tena; alichukua mkeka akautandika karibu na mlango.

Wiki iliyopita nilikuwa naye pale, nikimsomea gazeti, walipokuja dada wawili wa Mvuleni. Wanagombana juu ya shamba la minazi aliloliacha baba yao. Mama yao ni wa Kisauni, baba wa Jomvu, na wao wamezaliwa Likoni. Walimwamkia, wakakaa, wakawa wanatazamana.

"Mwinyi," akasema mkubwa, "tumekuja kuuliza. Twende kwa nani?"

Nilimgeukia Ami. Nilidhani atamwambia mmoja aseme ya mwenzake. Nilimsubiri. Nilikuwa tayari hata kuweka gazeti chini. Alikuwa amewaelekezea uso lakini macho yake yalikuwa yanatazama mahali kati yao, ambapo hapakuwa na mtu.

"Nendeni kwa chifu," akasema.

"Chifu wa serikali?"

"Huyo huyo. Atawauliza majina yenu. Mumtajie."

Hawakuondoka mara moja. Kisha wakainuka, wakamwamkia tena, wakatoka hadi barabarani, na pale wakasimama muda mrefu. Kila mmoja alikuwa akimngoja mwenzake ageuke kwanza kushika njia.